Habari za Bwana Griffin, Aliyebadili Rangi Yake

Katika jimbo la Texas, upande wa kusini wa Marekani, uko mji mkubwa uitwao Dallas. Humo alizaliwa John Howard Griffin, tarehe 16 Juni, mwaka 1920. Wazazi wake walikuwa Wazungu. Mama yake alikuwa fundi wa kupiga piano, na mtoto alirithi kwake mapenzi ya muziki, ambayo hayakumtoka maisha yake yote.

Ili msomaji afahamu habari hizi vema, yafaa ajue kwanza jinsi watu walivyoishi katika nchi ile. Utumwa ulikomeshwa Marekani mwaka 1865, walakini baadaye Wazungu wa majimbo ya kusini walitunga sheria za kuwatenga watu weusi. Mwaka 1896 mahakama kuu ya nchi ilikata shauri kwamba kuwatenga si kosa, maadamu kila upande umepewa vitu vilivyo sawa. Usawa huo ulikuwa wa maneno tu. Mtoto mweusi alisoma katika shule mbovu, akafundishwa kwa vitabu vilivyochakaa. Mtu mweusi hakuruhusiwa kula katika hoteli ya Wazungu, wala kulala humo, wala kunywa maji katika mfereji wao, wala kutumia choo chao. Garini aliketi nyuma. Aliyetaka kupiga kura aliwekewa vizuizi vingi, na aliyevunja desturi hizo aliweza kupigwa, au hata kuuawa na kundi la watu bila hukumu.

Griffin alikua katika mambo hayo asiyafikiri, kama samaki asivyofikiri habari za maji. Hakufundishwa kuwachukia watu weusi. Alifundishwa tu kwamba wao wana mahali pao na Wazungu wana mahali pao.

Alikuwa kijana mwenye akili nyingi na kiu ya elimu. Alipokuwa na umri wa miaka 15 alipata nafasi ya kusoma Ufaransa, katika mji wa Tours, akavuka bahari peke yake. Huko aliwakuta wanafunzi weusi wakikaa darasani pamoja na wengine, na jambo hilo halikumwudhi. Lakini siku alipowaona weusi wakihudumiwa mkahawani, katika chumba kimoja na Wazungu, alishangaa, akawauliza rafiki zake Wafaransa imekuwaje. Nao wakamwuliza, kwa nini isiwe? Kijana akatafuta jibu moyoni asilipate. Ndipo alipogundua kwamba katika maisha yake yote hakuna mtu aliyewahi kumwuliza swali lile, wala yeye mwenyewe hakuwahi kujiuliza.

Akaendelea na masomo, akajifunza uganga. Mwaka 1939 vita kuu ya pili ilianza, na mwaka uliofuata majeshi ya Wajerumani yakaiteka Ufaransa. Wakati ule watawala wa Ujerumani walikuwa wakiwakamata Wayahudi na kuwatesa, si kwa sababu ya kosa walilolitenda, bali kwa kuwa ni Wayahudi. Griffin, ambaye hata miaka 20 alikuwa hajatimiza, alijiunga na Wafaransa waliofanya kazi ya siri ya kuwaficha na kuwavusha Wayahudi mpaka bandarini Saint-Nazaire, ili wapate kwenda Uingereza. Alikaa na wazazi waliojua kwamba wao wenyewe hawataokoka, nao walimsihi awachukue watoto wao. Mambo hayo aliyakumbuka hata uzeeni. Mwishowe polisi wa siri wa Wajerumani walipata jina lake, naye ikambidi kukimbia, akarejea kwao Marekani.

Hakukaa nyumbani. Aliingia katika jeshi la anga, akapelekwa katika visiwa vya Bahari ya Pasifiki, akakaa vitani miezi 39. Kwa muda wa mwaka mmoja aliwekwa peke yake katika kisiwa kimoja cha visiwa vya Solomon, ajifunze lugha na desturi za wenyeji. Huko mambo yalipinduka. Yeye, mtu wa elimu kubwa, alikuwa mjinga kuliko mtoto mdogo wa kisiwa kile. Hakujua njia za msituni, hakujua chakula kipi kinalika na kipi kina sumu. Wenyeji walimwona kama mtu asiyejiweza, nao walikuwa na haki kumwona hivyo.

Katika siku za mwisho wa vita bomu lilipasuka karibu naye, likamwumiza vibaya kichwani. Macho yake yakaanza kufifia kidogo kidogo, na kufikia mwaka 1947 alikuwa kipofu kabisa. Mtu huyu alipenda vitabu kuliko chakula, na sasa hakuweza kusoma hata herufi moja. Walakini hakukata tamaa. Alirudi katika shamba la wazazi wake karibu na mji mdogo wa Mansfield, huko Texas, akajifunza kutembea kwa fimbo, akafuga wanyama, akaandika vitabu vya hadithi. Mwaka 1953 alimwoa Elizabeth Holland, akapata watoto ambao sura zao hakuzijua ila kwa kuzipapasa kwa vidole.

Katika giza lile alijifunza jambo moja ambalo wenye macho hawalijui. Kipofu humjua mtu kwa sauti yake, kwa maneno yake, na kwa jinsi anavyomshika mkono. Rangi ya ngozi kwake si kitu. Griffin alizoea kuwajua watu namna hiyo kwa karibu miaka kumi. Hata mwezi wa Januari, mwaka 1957, bila kutazamiwa, nuru ikaanza kurudi machoni pake. Siku zile ndipo alipoiona sura ya mkewe mara ya kwanza, na sura za watoto wake. Lakini kuona kulimletea pia mambo mengine. Aliona jinsi watu wenye macho wanavyomtazama mwenzao, wakaishia kwenye ngozi, wasiende mbele.

Nao mji wake wa Mansfield ulikuwa umekwisha kuonyesha jambo hilo. Mwaka 1954 mahakama kuu ilikuwa imetangua shauri lake la zamani kwa habari ya shule, ikasema kuwatenga watoto kwa rangi ni kinyume cha sheria ya nchi. Mwaka 1956 vijana weusi wa Mansfield walipata haki ya kuingia katika shule ya Wazungu ya mjini mwao. Kundi la Wazungu likakusanyika mbele ya shule kuwazuia, wakatundika sanamu ya mtu mweusi aliyenyongwa. Liwali wa jimbo alituma askari, si kwa kuwapeleka wanafunzi shuleni, bali kwa kutuliza mji hali wanafunzi wale wamebaki nje. Bwana Griffin alisaidia kuandika taarifa ya habari hizo, na kadiri alivyozidi kuuliza, ndivyo alivyozidi kuona kwamba Mzungu hapati jibu la kweli. Watu weusi wa kusini walikuwa wamejifunza kumwambia Mzungu maneno anayotaka kuyasikia, maana ukweli uliweza kumgharimu mtu kazi yake au maisha yake. Wazungu nao walisema kwamba wanawajua sana watu wao weusi, na ya kuwa wameridhika.

Adhabu ya kaburi aijuaye ni maiti. Bwana Griffin aliamua kuingia kaburini.

Shauri lake lilikuwa hili: kubadili rangi ya ngozi yake na kwenda kukaa kusini kama mtu mweusi, bila kubadili kitu kingine chochote. Jina lake lingekuwa lile lile, na elimu yake ile ile, na usemi wake ule ule. Mtu akimwuliza, atajibu kweli. Hivyo, kama angetendewa tofauti, sababu ingekuwa moja tu. Si yeye wa kwanza kufikiri hivi, kwa kuwa mwaka 1948 mwandishi wa gazeti mmoja aitwaye Ray Sprigle alikuwa amesafiri kusini kwa muda wa mwezi mmoja akijifanya mtu mweusi. Lakini Sprigle alichomwa na jua tu, tena alifuatana na mwenyeji mweusi wa kumwongoza. Griffin alitaka kwenda peke yake.

Alimwendea kwanza mwenye gazeti moja lililosomwa na watu weusi, liitwalo Sepia, naye akakubali kulipa gharama ya safari, ingawa alimwonya kwamba atajiletea maadui wengi. Kisha alimweleza mkewe. Bibi Griffin alijua vema hatari iliyopo. Akakubali kubaki na watoto watatu wadogo, ili mumewe afanye kazi ambayo wote wawili waliiona kuwa ya haki. Katika habari za watu mashuhuri wake zao husahauliwa mara nyingi, lakini bila ya mama huyu safari ile isingalikuwapo.

Mwanzoni mwa Novemba, 1959, Bwana Griffin alikwenda mji wa New Orleans, katika jimbo la Louisiana, akatafuta daktari wa magonjwa ya ngozi. Iko dawa ya kumeza wanayopewa wagonjwa wa mbalanga, ili ngozi yao ipate kushika rangi. Kwa kawaida hutumiwa kwa wiki nyingi. Griffin aliimeza kwa siku chache tu, kwa kipimo kikubwa, akalala saa nyingi kila siku chini ya taa yenye miali kama ya jua, huku daktari akimpima damu asije akadhurika. Ngozi yake ikawa nyeusi. Mahali palipobaki na mabaka alipaka rangi, akazidi kupaka, kisha akanyoa nywele zote.

Usiku ule aliwasha taa, akajitazama katika kioo. Alitazamia kujiona mwenyewe amevaa rangi ya bandia, kama mchezaji wa michezo ya kuigiza. Badala yake alimwona mtu mwingine, mweusi, mwenye upara, akimkazia macho. Hakuona hata alama moja ya John Griffin. Mtu yule alikuwa mgeni kwake, na lililomtia fadhaa kuliko yote ni kwamba hakumpenda. Ndipo alipofahamu kwamba yeye, aliyejidhani hana chuki, alikuwa nayo ndani yake. Akatoka nje gizani, katika mji asiokuwa na ndugu.

Katika siku za kwanza alimwendea mzee mmoja mweusi aliyekaa kando ya njia akipaka viatu rangi. Alipokuwa Mzungu alikuwa amepakwa viatu na mzee huyu mara kadha wa kadha, wakazungumza kwa urafiki. Sasa aliketi mbele yake, na mzee hakumtambua kabisa. Alivitambua viatu! Vilikuwa viatu vya mshono usio wa kawaida, naye alisema kwamba yuko Mzungu mmoja mwenye viatu vya namna ile. Griffin akamfunulia siri. Mzee alicheka sana, akawa mwalimu wake. Alimwonyesha mahali pa kula na mahali pa kutokwenda, akamwonya anyoe vinyweleo vya mikononi, maana ndivyo vitakavyomfichua. Kwa siku kadha wakafanya kazi pamoja, na Wazungu waliopakwa viatu walimtazama Griffin kana kwamba anatazamwa ukuta.

Mambo mengi aliyoyapata hayakuwa makubwa, na labda msomaji atayaona madogo. Kutafuta maji ya kunywa ilikuwa safari. Kutafuta choo ilikuwa safari nyingine, na ilimbidi mtu kupanga siku yake nzima kwa kufikiri jambo hilo. Aliingia katika maduka alimozoea kununua vitu alipokuwa Mzungu, na wauzaji walipokea fedha zake kwa furaha. Lakini asingeweza kupata humo hata bilauri ya maji. Siku moja garini alimwona mama wa Kizungu amesimama, amechoka, hana mahali pa kuketi. Kwa desturi ya malezi yake akainuka nusu ili ampe nafasi. Watu weusi waliokuwamo walimkunjia uso, na yule mama akamtukana kwa kuthubutu kumtazama. Siku nyingine dereva alikataa kumfungulia mlango ashuke, akampitisha mitaa mingi kabla ya kumwachia. Hakuna lililopotea ila muda na miguu. Lakini jambo kama hilo likimpata mtu kila siku, tangu utoto mpaka uzee, wala asiweze kumlalamikia mtu yeyote, halibaki kuwa dogo.

Akatafuta kazi pia. Alikuwa na elimu ya juu, na sauti yake katika simu ilipendeza; lakini walipomwona, nafasi ilikuwa imekwisha kujazwa. Katika mji wa Mobile, jimbo la Alabama, msimamizi wa kiwanda alimweleza waziwazi kwamba wanawapunguza watu weusi kidogo kidogo katika kazi zote zilizo nzuri, mpaka wabaki wenye kazi ambazo Mzungu hazitaki.

Katikati ya Novemba habari ilienea mitaani ikawatia watu weusi uchungu mkubwa. Mwezi wa Aprili mwaka ule kijana mweusi aitwaye Mack Charles Parker alikuwa ametolewa kwa nguvu gerezani katika mji wa Poplarville, jimbo la Mississippi, kabla ya kesi yake kusikilizwa, akauawa na kutupwa mtoni. Baraza la wazee wa mahakama wa mahali pale lilikataa kumshtaki hata mtu mmoja kwa mauaji hayo. Watu weusi wa New Orleans walimsihi Griffin asiende Mississippi. Yeye akaona kwamba hapo ndipo panapompasa kwenda.

Katika kituo cha mabasi alitoa noti ya dola 10 anunue tikiti. Mwanamke aliyeuza tikiti alimtazama kwa chuki kubwa mno hata Griffin akadhani amemkosea neno, akamwuliza kwa upole kosa lake. Hakuwa na kosa. Mwishowe mwanamke alimtupia tikiti na chenji, zikaanguka sakafuni, naye akainama kuziokota. Njiani basi lilisimama ili abiria wapumzike. Wazungu walishuka wote. Weusi walipotaka kushuka, dereva alisimama mlangoni akawazuia, wakarudi kukaa katika dhiki mpaka safari ilipoendelea.

Walifika Hattiesburg usiku. Alipokuwa akienda katika mtaa wa watu weusi, vijana wa Kizungu walipita na motokaa yao, wakamtupia chenza na matusi. Akapanga chumba kidogo cha mbao, akakaa kwenye kitanda, akachukua karatasi amwandikie mkewe. Aliandika tarehe na jina lake. Hakuweza kuendelea. Alikuwa mtu mweusi katika Mississippi, na mwanamke aliyetaka kumwandikia maneno ya mapenzi alikuwa Mzungu; jambo lile lilitosha kumwua mtu. Ingawa hakuna aliyemwona, na mke ni wake wa ndoa, mkono wake ulikataa. Hofu ilikuwa imekwisha kuingia mahali ambapo sheria haifiki. Usiku ule alimpigia simu Bwana P. D. East, mwandishi wa gazeti, Mzungu wa mahali pale, ambaye kwa kuwatetea watu weusi alikuwa amepoteza rafiki zake karibu wote. East akaja akamchukua nyumbani kwake, nao walikaa garini kimya kwa muda, maana hata hapo Griffin aliona haya kuketi mbele karibu na Mzungu.

Akaendelea na safari kupitia Biloxi na Mobile, mara kwa basi, mara kwa miguu, mara kwa motokaa za watu waliomchukua usiku njiani. Usiku mmoja, kati ya Mobile na Montgomery, alipokelewa na mtu mweusi aliyefanya kazi katika kiwanda cha kupasulia mbao. Mtu huyu alikaa kando ya kinamasi, katika kibanda cha vyumba viwili, na mke na watoto sita. Alikuwa na deni kwa bwana wake, na kadiri alivyofanya kazi deni halikwisha, hata hakuweza kuhama. Walikula maharagwe yaliyopikwa kwa maji. Griffin alikuwa na peremende za chokoleti, akazikata vipande vyembamba, watoto wapate chakula cha karamu. Walifurahi mno. Mtoto mdogo alitiririkwa na mate yenye utamu, na mama yake akayafuta kwa kidole, akakitia kidole kinywani mwake mwenyewe bila kufikiri.

Siku hiyo hiyo binti wa Griffin, huko Texas, alikuwa akitimiza miaka mitano, na bila shaka alikuwa na karamu yake. Watoto wa kibanda kile walipolala chini juu ya magunia, mgeni alitoka nje katika baridi, akalia. Alifikiri kwamba watoto hawa hawana tofauti na wake, ila milango iliyofungwa mbele yao kabla hawajajua kutembea.

Katika mji wa Montgomery aliona moyo wa namna nyingine. Huko ndiko watu weusi, wakiongozwa na kasisi kijana, Martin Luther King, walikokataa kupanda mabasi kwa muda wa zaidi ya mwaka mmoja, tangu Desemba 1955, wakaenda kazini kwa miguu mpaka mahakama ilipokomesha ubaguzi ndani ya mabasi. Watu hawa hawakuinamisha vichwa. Hapo Griffin aliacha dawa, ngozi ikaanza kupungua weusi wake, naye akaisugua sana, akavaa shati jeupe, akatoka akiwa Mzungu.

Mara milango ikafunguka. Alikula katika hoteli, alikunywa maji alipotaka, polisi alimwitikia kwa heshima, wanawake wa Kizungu walimchekea. Walakini alipopita katika mtaa wa watu weusi, wale wale waliomwita ndugu jana sasa walifunga nyuso zao, wakamtazama kwa hofu na kwa chuki. Kisha akafanya jambo gumu zaidi. Alichukua mfuko wenye rangi na sponji na mafuta ya kusafishia, akapita mahali pamoja kwanza akiwa mweusi, halafu akiwa mweupe. Watu walikuwa wale wale, naye alikuwa yule yule. Kila mara upande mmoja ulimpokea na upande mwingine ukamkataa, na hakuna upande uliomjua.

Alitembelea Tuskegee, penye chuo alichokianzisha Booker T. Washington mwaka 1881, na mji wa Atlanta, ambako weusi walikuwa na benki zao na magazeti yao. Katikati ya Desemba akarudi kwake Mansfield. Safari ile ilikuwa ya siku chini ya 40.

Habari zake zilipotokea katika Sepia mwaka 1960, na yeye akaulizwa maswali katika televisheni, nchi nzima ilitikisika. Barua zikamjia kwa maelfu, nyingi za kumshukuru. Lakini katika mji wake mwenyewe majirani waliacha kumsalimu. Mwezi wa Aprili sanamu yake ilitundikwa katika barabara kuu ya Mansfield, nusu nyeusi na nusu nyeupe, yenye jina lake, na watu wakatishia kumjia na kumkata viungo. Wazee wake waliuza mali yao. Mwezi wa Agosti yeye na jamaa yake walihamia nchi ya Mexico, wakakaa huko miezi kadha. Kitabu chake kilitoka mwaka 1961, nacho kimefasiriwa katika lugha nyingi na kusomwa na mamilioni ya watu. Filamu yake ilitolewa mwaka 1964. Mwaka huo huo ilitungwa sheria ya kukataza ubaguzi hotelini, mabasini na kazini, na mwaka 1965 sheria ya kulinda haki ya kupiga kura. Sheria hizo zilipatikana kwa jasho na damu ya watu weusi wenyewe. Kitabu cha Griffin kilisaidia kuwafungua macho Wazungu waliosema hawajui.

Naye mwenyewe alilijua hilo kuliko waliomsifu. Katika miaka ile miji mingi ilimwita aje awaeleze wakubwa matatizo ya watu wao weusi. Alifika, akawakuta Wazungu mezani, nao hawakumwalika hata mtu mmoja mweusi wa mji ule, ambaye angaliweza kueleza mambo yale vizuri zaidi, kwa kuwa aliishi ndani yake. Alipouliza kwa nini wasimwulize jirani yao, walitahayari. Mara nyingine alisema mbele ya watu maneno ambayo mwenzake mweusi alikuwa amekwisha kuyasema, na Wazungu waliyapokea kwake kwa shukrani, hali yule mwenzake walimwita mchochezi. Griffin alikuwa mweusi kwa majuma machache, tena siku zote alikuwa na njia ya kurudi. Wale hawakuwa nayo. Kwa sababu hiyo alizidi kuona kwamba kazi yake ya kusema kwa niaba yao imekwisha, na kwamba imempasa kukaa kando ili wasikilizwe wao.

Hakuponyoka bila majeraha. Safari moja huko Mississippi gari lake lilipata pancha, na Wazungu waliomtambua walimpiga kwa minyororo wakamwacha njiani. Alikaa miezi mingi kabla ya kupona. Baadaye alidhoofishwa na kisukari na maradhi ya moyo. Alifariki tarehe 9 Septemba, 1980, katika mji wa Fort Worth, akiwa na umri wa miaka 60. Watu wengi walivumisha kwamba aliuawa na dawa aliyoimeza ili kuwa mweusi, lakini si kweli. Kilichomwua ni kisukari. Alizikwa Mansfield.